Kupunguza Wingi wa Utafutaji wa Majina katika Seva ya Uchapishaji Yenye Shughuli Nyingi: Uchambuzi wa Mfumo wa CUPS

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna seva ya uchapishaji inavyoweza kulemewa na kazi ya kutafuta majina ya kompyuta katika mtandao, pamoja na njia za kuipunguza kazi hiyo bila kudhoofisha ulinzi wala kumbukumbu za matumizi. Mfumo unaochambuliwa ni CUPS, unaotumika sana katika kompyuta za Linux na za Apple. Hoja kuu ni kwamba tatizo halitokani na wingi wa maswali peke yake, bali na mahali swali linapoulizwa: swali linaloulizwa wakati seva inapopokea muunganisho humsubirisha kila mtumiaji, ilhali swali hilohilo likiulizwa baadaye halimcheleweshi yeyote. Makala yanabainisha vyanzo vitatu vya maswali hayo, yanakokotoa athari zake kwa mfano mmoja, na yanapendekeza mpangilio wa hatua za kuchukua. Sehemu ya mwisho inajadili suala la ushahidi, yaani iwapo daftari la matukio lenye anwani badala ya majina linaweza kutegemewa.

1.0 Utangulizi

Katika taasisi nyingi, seva ya uchapishaji ni chombo kisichokumbukwa hadi siku kinapokwama. Inapokwama, anayesimamia mfumo kwa kawaida hutazama kwanza printa, kisha nyaya, kisha ukubwa wa faili zinazochapishwa. Si mara nyingi hutazamwa mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, kwa kuwa haionekani dhahiri kwamba kazi ya kuchapa ukurasa ina uhusiano na kazi ya kutafuta jina. Hata hivyo, uhusiano huo upo, na katika seva yenye watumiaji wengi unaweza kuwa ndio chanzo cha uzito wote.

Mfumo wa CUPS ulianza kutengenezwa mwaka 1997 na Michael Sweet wa kampuni ya Easy Software Products. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilinunua haki za programu hiyo. Mfumo huu hutumia itifaki ya IPP, ambayo hupita juu ya HTTP kwa kutumia poti namba 631. Hivyo basi, kwa muundo wake seva ya CUPS ni aina ya seva ya wavuti: hupokea miunganisho, husoma maombi, hukagua ruhusa, kisha hujibu. Hata lugha ya faili lake la usanidi, cupsd.conf, inafanana na ile ya seva ya Apache. Ufanano huu una umuhimu katika mjadala huu, kwa sababu tatizo linalochambuliwa liliwahi kuikumba Apache pia. Kabla ya toleo la 1.3, Apache ilikuwa ikitafuta jina la kila kompyuta iliyoiunganisha isipokuwa ilipokatazwa. Kuanzia toleo hilo, chaguo-msingi likawa kutotafuta.

2.0 Utafutaji wa Majina na Gharama Yake

DNS ilibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na maelezo yake yanayotumika hadi leo yalitolewa mwaka 1987 katika hati za RFC 1034 na RFC 1035. Utafutaji katika mfumo huu ni wa namna mbili. Utafutaji wa kawaida huanza na jina na kuleta anwani: rekodi ya A hutoa anwani ya IPv4 na rekodi ya AAAA hutoa anwani ya IPv6. Utafutaji wa kinyume huanza na anwani na kuleta jina, kwa kutumia rekodi ya PTR.

Maswali mengi ya DNS husafiri kwa itifaki ya UDP, ambayo haina uhakika wa kufika. Pakiti ikipotea njiani, muulizaji hana habari. Husubiri tu hadi muda aliopangiwa uishe, ndipo aulize tena. Katika Linux, maktaba ya glibc kwa chaguo-msingi husubiri sekunde 5 na hujaribu mara 2. Kwa hiyo, iwapo seva ya majina ni moja na haijibu, swali moja linaweza kumsubirisha muulizaji kwa takribani sekunde 10. Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba maktaba hiyo haihifadhi majibu. Programu ikiuliza jina moja mara elfu, maswali elfu yatatoka, isipokuwa pawepo chombo kingine cha kuhifadhi majibu hayo.

Mambo haya mawili yanaonesha kwamba gharama ya swali la jina haina kiwango kimoja. Swali linalojibiwa ndani ya kompyuta ileile huchukua muda usiohisika. Swali linalojibiwa na seva ya jirani huchukua milisekunde chache. Swali linalovuka kiungo kirefu huchukua makumi ya milisekunde, na lile lisilojibiwa huchukua sekunde kadhaa. Msimamizi anayepima mfumo wake siku ambayo mtandao una afya hawezi kuiona gharama hii ya mwisho.

3.0 Vyanzo vya Maswali katika Seva ya CUPS

3.1 Miunganisho inayoingia

Chanzo cha kwanza, na kilicho kizito zaidi, ni agizo la HostNameLookups. Agizo hili lina thamani tatu. Thamani ya Off huifanya seva itumie anwani pekee. Thamani ya On huifanya itafute jina la kila kompyuta inayounganisha. Thamani ya Double huifanya itafute jina, kisha ilitafutie jina hilo anwani zake, ili kuhakikisha kuwa anwani ya awali imo miongoni mwake. Kompyuta isiyo na usajili unaolingana hukataliwa. Chaguo-msingi ni Off, na mwongozo wa CUPS unaonya kwamba thamani nyingine zitumike pale tu zinapohitajika kabisa.

Kama chaguo-msingi ni Off, kwa nini tatizo lipo? Sababu za kubadili thamani hii kwa kawaida ni mbili, na zote zina mantiki. Ya kwanza ni sheria za ruhusa: msimamizi anayetaka kuruhusu kompyuta zote za kikoa fulani kwa kutaja jina la kikoa hicho hulazimika kuwasha utafutaji. Ya pili ni daftari la matukio: majina husomeka vizuri kuliko tarakimu. Kwa hiyo agizo hili huwashwa kwa nia njema, mara nyingi seva ikiwa bado changa na watumiaji wakiwa wachache, kisha husahaulika.

3.2 Printa zenyewe

Chanzo cha pili ni anwani za printa. Printa inapotambulishwa kwa jina, mchakato unaoipelekea kazi hutafuta jina hilo kila kazi inapoanza. Iwapo jina ni fupi na seva imepangiwa orodha ya vikoa vya kujaribu, maswali huongezeka. Tuseme jina ni printa3 na orodha ina vikoa vitatu. Ikiwa jina hilo limo katika kikoa cha tatu, maktaba itajaribu kikoa cha kwanza, cha pili, na hatimaye cha tatu, na katika kila kimoja itauliza rekodi ya A na ya AAAA. Maswali huwa 6 badala ya 2. Hata hivyo, chanzo hiki kina madhara madogo kuliko cha kwanza, kwa kuwa kila kazi ina mchakato wake; ucheleweshaji huigusa kazi hiyo na zile zinazosubiri printa hiyohiyo, wala hausimamishi seva nzima.

3.3 Anwani za ndani zisizo na rekodi

Chanzo cha tatu kiko nje ya CUPS. Mitandao mingi ya taasisi hutumia anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 10 au 192.168. Iwapo taasisi haijaandaa rekodi za kinyume za anwani hizo, na kitafuta majina chake hakijapangwa kuzijibu chenyewe, swali hutoka nje ya taasisi na kuingia kwenye intaneti, ambako hakuna anayeweza kulijibu kwa maana. Wingi wa maswali ya aina hii ndio uliosababisha kuanzishwa kwa seva maalumu za mradi wa AS112, ambazo kazi yake ni kuyapokea na kujibu kwamba jina halipo. Mwaka 2011, hati ya RFC 6303 ilielekeza kwamba vitafuta majina vijibu vyenyewe maswali hayo.

4.0 Athari: Mfano wa Kukokotoa

Mchakato mkuu wa CUPS, unaoitwa cupsd, hushughulikia miunganisho yote katika mzunguko mmoja. Hupokea muunganisho, huushughulikia kidogo, huhamia mwingine, kisha hurudi. Utaratibu huu ni mwepesi na unatosha kwa kazi kubwa, kwa sharti moja: pasiwe na hatua inayousimamisha mzunguko. Utafutaji wa jina wakati wa kupokea muunganisho ni hatua ya namna hiyo hasa. Wakati cupsd inasubiri jibu la DNS kuhusu kompyuta moja, kompyuta nyingine zote zinasubiri pamoja nayo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo chenye kompyuta 200, ambapo kila kompyuta hufungua muunganisho mpya kila baada ya sekunde 10 ili kujua hali ya foleni. Seva itapokea miunganisho 20 kwa sekunde, sawa na 1,200 kwa dakika, hata kama hakuna anayechapisha chochote. Jedwali Na. 1 linaonesha idadi ya maswali kwa kila thamani ya agizo, iwapo hakuna majibu yaliyohifadhiwa.

Jedwali Na. 1: Maswali ya DNS yanayotokana na miunganisho 1,200 kwa dakika

Off: maswali 0
On: maswali 1,200 (PTR)
Double: maswali 3,600 (PTR, A na AAAA)

Idadi hizi si za kutisha kwa seva ya majina iliyo imara. Kinachotisha ni muda. Chini ya thamani ya On, jibu likichukua milisekunde 5, seva itatumia milisekunde 100 katika kila sekunde ikisubiri tu, yaani asilimia 10 ya muda wake. Seva ya majina ikihamishiwa mbali na jibu likachukua milisekunde 50, hesabu inakuwa 20 mara 50, yaani milisekunde 1,000. Hapo seva inatumia sekunde nzima kusubiri katika kila sekunde. Haina muda uliobaki wa kufanya kazi yake, na foleni itazidi kurefuka bila kikomo. Aidha, hata pale majibu yanapokuwa ya haraka, pakiti moja ikipotea mzunguko husimama kwa sekunde 5, na katika muda huo miunganisho mipya 100 itakuwa imerundikana.

Mfano huu unafafanua jambo ambalo huwatatiza wasimamizi wengi: seva inakwama ilhali kichakato chake kimepumzika, kumbukumbu yake ina nafasi, na diski haina kazi. Vipimo vya kawaida vinaonesha mashine isiyo na mzigo, kwa sababu kusubiri si mzigo. Dalili ya tatizo haimo katika matumizi ya rasilimali bali katika trafiki ya poti namba 53. Kipimo rahisi ni kurekodi trafiki hiyo kwa programu ya tcpdump kwa dakika chache, kuhesabu maswali ya PTR, kisha kulinganisha hesabu hiyo na mistari ya faili la access_log kwa muda uleule. Ulinganisho huo hauhitaji kuwa sawa kabisa, kwa kuwa muunganisho mmoja unaweza kubeba maombi kadhaa. Lakini vitu viwili vikipanda na kushuka kwa pamoja, chanzo kimejulikana.

5.0 Njia za Kupunguza

5.1 Kubadili sheria kabla ya kuzima utafutaji

Suluhisho la msingi ni kurudisha HostNameLookups kwenye Off. Hata hivyo, hatua hii ikichukuliwa kwanza inaweza kuleta madhara. Utafutaji ukizimwa, seva haina jina la kulinganisha na sheria iliyotaja kikoa. Sheria ya kuruhusu kwa jina la kikoa haitamgusa mtu, na watumiaji halali watafungiwa nje. Kosa hilo litajulikana upesi kwa malalamiko. Kwa upande mwingine, sheria ya kukataza kwa jina la kikoa nayo haitamgusa mtu, na waliokatazwa watapita. Kosa hili la pili halina mlalamikaji.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kuziandika upya sheria zote za Allow na Deny kwa kutumia mafungu ya anwani, kwa mfano 10.0.4.0/24, au kwa maneno maalumu ya CUPS kama @LOCAL, yenye maana ya kompyuta zilizo katika mitandao ya karibu. Baada ya sheria hizo kujaribiwa, ndipo utafutaji uzimwe.

Huenda ikadaiwa kuwa sheria ya jina ni imara zaidi. Dai hilo halina msingi. Rekodi ya PTR huandikwa na anayemiliki fungu la anwani, naye anaweza kuandika jina lolote alitakalo. Ndiyo sababu thamani ya Double ipo. Na hata Double hutegemea majibu ya DNS kuwa ya kweli. Sheria inayotegemea anwani huondoa mtu wa kati katika uamuzi huo. Panapohitajika uthibitisho wa mtu badala ya mashine, njia sahihi ni kumtaka mtumiaji ajitambulishe kwa jina na nywila au kwa Kerberos, si kuuliza jina la kompyuta aliyoketi mbele yake.

5.2 Kuzitaja printa kwa anwani au kwa jina kamili

Printa yenye anwani isiyobadilika inaweza kutajwa kwa anwani hiyo moja kwa moja, na maswali yake huwa sufuri. Sharti lake ni kwamba anwani hiyo itengwe katika seva ya DHCP, ili isipewe kifaa kingine. Pale taasisi inapopendelea majina, jina liandikwe kamili pamoja na kikoa chake. Jina lenye nukta hujaribiwa kwanza lilivyo, na mzunguko wa kujaribu orodha ya vikoa huepukwa. Njia ya tatu, ya kuandika majina katika faili la /etc/hosts, ina kasi, lakini huacha nakala ambayo hakuna anayekumbuka kuisahihisha printa inapohamishwa.

5.3 Kuhifadhi majibu karibu na seva

Iwapo utafutaji hauwezi kuondolewa wote, upewe njia fupi. Programu kama Unbound au dnsmasq inaweza kuwekwa katika seva yenyewe, ikajibu maswali kwa anwani ya 127.0.0.1 na kuhifadhi kila jibu kwa muda uliowekwa na mwenye rekodi. Katika mfano uliotolewa, chini ya On, maswali yanayotoka ni 72,000 kwa saa. Kila rekodi ikiwa na muda wa kuhifadhiwa wa sekunde 3,600, maswali yatakayotoka nje ya seva yatakuwa takribani 200 kwa saa, yaani moja kwa kila kompyuta. Mengine yote yatajibiwa papo hapo.

Majibu ya kwamba jina halipo nayo huhifadhiwa, kwa mujibu wa RFC 2308 ya mwaka 1998. Muda wake hutokana na rekodi ya SOA ya kikoa husika, na hati hiyo inataja saa 1 hadi 3 kuwa kiwango kilichofaa. Msimamizi akiweka sekunde chache kwa kuogopa majibu yaliyopitwa na wakati, atakuwa ameikaribisha tena trafiki aliyokusudia kuipunguza. Ifahamike, hata hivyo, kwamba hifadhi haiponyi kila kitu: swali la kwanza la kila kompyuta bado linaweza kukwama, na likikwama, mzunguko wote wa cupsd hukwama nalo. Hifadhi hupunguza idadi ya nafasi za kukwama. Haiondoi kukwama kwenyewe.

5.4 Kujibu maswali ya anwani za ndani

Hatua ya mwisho ni kuandaa kikoa cha kinyume cha anwani za ndani katika seva ya majina ya taasisi, hata kama rekodi zake ni chache. Jibu la haraka kwamba jina halipo lina manufaa makubwa kuliko ukimya wa sekunde 10. Hatua hii huisaidia pia mifumo mingine, kwa kuwa seva ya uchapishaji si muulizaji pekee katika mtandao.

6.0 Mjadala: Majina, Anwani na Ushahidi

Pingamizi kubwa dhidi ya kuzima utafutaji linahusu uwajibikaji. Katika taasisi inayochapisha mitihani, si jambo dogo kujua ni kompyuta ipi iliyotuma kazi fulani. Daftari lenye majina linaonekana kuwa ushahidi bora kuliko daftari lenye anwani. Uchambuzi wa makala haya unaonesha kinyume chake.

Jina linaloandikwa katika daftari si jambo lililoshuhudiwa na seva. Seva ilishuhudia anwani; jina ni tafsiri iliyotolewa na DNS wakati huo. Mahali ambapo DHCP hugawa anwani na DNS haisasishwi papo hapo, jina hilo linaweza kuwa la kompyuta iliyotumia anwani hiyo jana. Daftari litaandika jina hilo bila kuonesha shaka yoyote, na anwani halisi haitakuwepo tena katika mstari huo. Mtu anaweza kutuhumiwa kwa jambo ambalo kompyuta yake haikulifanya, na daftari lisimpe njia ya kujitetea.

Daftari lenye anwani huhifadhi kilichoshuhudiwa na kuacha tafsiri ifanywe baadaye. Apache ilifuata njia hii kwa kutoa programu ya logresolve, inayogeuza anwani kuwa majina baada ya tukio, nje ya seva. Hata hivyo, kwa anwani za DHCP njia hiyo haitoshi, kwa sababu DNS ya leo haielezi mwenye anwani wa wiki iliyopita. Kinachohitajika ni rekodi za ugawaji wa anwani za DHCP, zenye saa ya kuanza na ya kuisha, zilinganishwe na saa iliyo katika daftari la CUPS. Saa za seva zote mbili ziwe zimesawazishwa kwa NTP, na rekodi za DHCP zitunzwe kwa muda usiopungua ule wa daftari la uchapishaji. Kwa upande wa mtumiaji, faili la page_log huandika pia jina la mtumiaji wa kila kazi. Jina hilo lina uzito wa ushahidi pale tu ambapo seva ilimtaka ajithibitishe.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamebainisha kwamba msongamano wa utafutaji wa majina katika seva ya uchapishaji ni tatizo la mpangilio wa kazi kabla ya kuwa tatizo la uwezo wa mtandao. Kuongeza kasi ya seva ya majina huliahirisha. Kuondoa swali katika hatua ya kupokea muunganisho hulimaliza. Inapendekezwa hatua zifuatwe kwa mpangilio huu: kupima trafiki ya poti namba 53; kuandika upya sheria za ruhusa kwa anwani na kuzijaribu; kuzima HostNameLookups; kuzitaja printa kwa anwani au majina kamili; kuweka hifadhi ya majibu ndani ya seva; kuandaa kikoa cha kinyume cha anwani za ndani; na kutunza rekodi za DHCP sambamba na daftari la uchapishaji. Baada ya kila hatua kipimo kirudiwe, ili ijulikane ni hatua ipi iliyoleta nafuu.

Kwa watafiti, suala linalostahili kuendelezwa ni kupima gharama ya kusubiri katika huduma nyingine zenye mzunguko mmoja kama wa cupsd. Vipimo vilivyozoeleka vya matumizi ya kichakato na kumbukumbu havionyeshi gharama hiyo, na ndiyo maana seva inaweza kuonekana imepumzika huku watumiaji wake wakiendelea kusubiri.